Moyo ukisimama, usikimbilie teksi kwanza

Je, msomaji, umewahi kumwona mtu akianguka ghafla pale Kencom, katikati ya Nairobi? Mmoja humpepea kwa gazeti, mwingine humwagia maji, wa tatu hudai ni kifafa na kutafuta kijiko amtie mdomoni. Kisha vijana humbeba hadi kwenye teksi, na safari ya Hospitali ya Kenyatta huanza, ikiwa magari yatasonga. Nia ni njema. Lakini kama moyo wake umesimama, safari hiyo mara nyingi huwa ya kupeleka maiti.

Watu wengi huchanganya kusimama kwa moyo na mshtuko wa moyo. Mtu akipata mshtuko, mshipa unaolisha moyo huwa umeziba. Kifua humbana na jasho humtoka, lakini kwa kawaida angali anazungumza. Huyo apelekwe hospitali upesi, kwa kuwa mshtuko huo waweza kuusimamisha moyo wakati wowote. Aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Joseph Nkaissery, aliaga dunia katika Hospitali ya Karen Julai 8, 2017, na upasuaji wa maiti ulionyesha mshtuko wa moyo.

Moyo ukisimama, mtu huzimia papo hapo, na baada ya dakika nne au tano hivi ubongo huanza kuharibika. Hebu jiulize, ni dakika ngapi kutoka Kangemi hadi mjini kupitia Waiyaki Way saa mbili asubuhi?

Kwa hivyo matibabu huanzia pale alipoangukia. Mwite kwa sauti, mtikise mabega. Asipojibu, na ikiwa hapumui au anakoroma kwa mbali kama anayekata roho, usipoteze wakati. Mwambie mtu apige simu 999, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Mlaze chali mahali pagumu, si kitandani. Piga magoti kando yake, weka kiganja kimoja juu ya kingine katikati ya kifua, nyoosha mikono na ukandamize kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukikiacha kifua kiinuke kila mara. Kama hujafunzwa kumpulizia pumzi, kandamiza tu. Baada ya dakika mbili utachoka, mpishe mwenzako. Huenda mbavu zikavunjika. Mbavu hupona.

Mchezaji wa Denmark, Christian Eriksen, alipoanguka uwanjani Copenhagen Juni 12, 2021, alikandamizwa kifua palepale na kushtuliwa kwa umeme. Mwaka uliofuata alirejea uwanjani.

Hospitalini kazi hiyo huendelea. Mashine ya umeme hushtua moyo unaotetemeka ovyo. Ule uliotulia tuli hausaidii, hata kama sinema huonyesha vingine. Mgonjwa hudungwa adrenalini kila baada ya dakika 3 hadi 5 na kusaidiwa kupumua. Moyo ukirudi, hulazwa katika wadi ya wagonjwa mahututi na kukingwa na homa. Ikiwa chanzo ni mshipa ulioziba, huzibuliwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa mkononi au pajani.

Na ukiambiwa langoni ulete pesa kwanza, taja Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010: hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.