Gari la kawaida, mbio za kweli

Swali: Naishi Texas, nina gari la kawaida tu. Nitaanzaje kushindana katika mbio fupi za magari mawili mawili?

Jibu: Gari hilo linatosha, ila usilijaribie barabarani kamwe. Nenda usiku wa majaribio kwenye uwanja unaotambuliwa na NHRA, chama cha mbio hizi kilichoanzishwa 1951. Watalikagua gari, nawe chukua helmeti. Kimbia robo maili, yaani mita 402, mpaka uujue muda wa gari lako.

Kisha ingia daraja la kutaja muda. Kila dereva hutangaza sekunde zake, na mwenye gari la polepole huruhusiwa kutangulia. Ukikimbia chini ya muda uliotaja, kwa kawaida umeshindwa. Nalipenda mno daraja hili, maana injini ya gharama haitoshi kukupa ushindi.

Jifunze taa za kuanzia mbio kwa bidii. Ondoka njano ya mwisho inapowaka. Ukisubiri kijani umeshachelewa.