Dondoo muhimu: Fuata fremu kabla ya ukoo

Anayesoma LIVE555, maktaba ya C++ ya kurusha video na sauti, aanze na safari ya fremu moja, si mti wa urithi wa klasi. Sababu ni kwamba anayevuta data ni MediaSink, yaani klasi ya mpokeaji, wala chanzo hakisukumi. `startPlaying` ikiitwa, MediaSink huomba fremu kwa `getNextFrame`. FramedSource, yaani chanzo, huijaza bafa ndani ya `doGetNextFrame`, hutoa taarifa kwa `afterGetting`, kisha ombi jingine hufuata. Utasema urithi ndio ramani. Ni kweli MediaSource na MediaSink zote huzaliwa na Medium, lakini ukoo hauonyeshi nani humwita nani. Ukiielewa safari hiyo, RTSPServer, ServerMediaSession na ServerMediaSubsession zitajipanga zenyewe: seva, kipindi, na kila mkondo wake.