Kamera ya Nyuma ya Pikapu Ikizima

Msimu wa pamba ukifunguliwa, pikapu huingia na kutoka kwenye maghala ya vyama vya msingi kutwa nzima. Dutwa, Nkololo au mjini Bariadi, ni yale yale. Watu wamejaa na magunia yao, watoto wanacheza pembeni. Dereva akirudi nyuma, mtoto aliyechuchumaa karibu na bampa haonekani kwenye kioo hata kimoja.

Ndiyo maana magari mengi siku hizi yana kamera ndogo nyuma, karibu na kibao cha namba. Marekani imeilazimisha kwa magari mapya madogo tangu Mei 2018. Picha yake hutokea kwenye skrini mbele ya dereva. Je, ikizima tufanye nini?

Kwanza utingo ashuke. Asimame ubavuni, mahali dereva anapomwona kwenye kioo cha pembeni, amwongoze kwa mkono. Dereva asipomwona, asimamishe gari. Jambo hili halingoji fundi.

Halafu futa kamera. Usicheke! Vumbi la Juni na tope la mbugani huiziba kabisa. Tumia kitambaa laini chenye maji, usikwangue kwa kisu. Ukiona ukungu ndani yake, maji yameingia. Hiyo ni ya kubadilisha.

Picha bado haipo? Kinga magurudumu kwa mawe, vuta breki ya mkono. Fungua swichi bila kuwasha injini, kanyaga breki, weka gia ya rivasi. Mtu aliye ubavuni atazame taa nyeupe za nyuma. Kwa nini taa? Kwa sababu mara nyingi kamera hupata umeme kwenye waya wa taa hizo hizo.

Taa zote mbili zikikataa, tazama fyuzi. Fyuzi za kawaida zina namba na rangi: 10 ni nyekundu, 15 ni buluu, 20 ni ya njano. Iliyoungua ikiwa 10, weka 10. Wako wanaozungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Hao wanaita moto, maana sasa utaungua waya badala ya fyuzi. Fyuzi ikiwa nzima, fundi aangalie swichi ya rivasi kwenye giaboksi. Taa moja tu ikikataa, hiyo ni balbu, kamera haihusiki.

Taa zinawaka lakini skrini inaandika kwa Kiingereza kuwa picha haifiki? Basi skrini ni nzima. Fuata waya, hasa kama unapita kwenye bawaba za mlango wa nyuma. Mlango hufunguliwa kila magunia yanaposhushwa, na waya hukunjwa pale pale mpaka unakatika ndani, ganda likiwa zima. Uchezeshe taratibu. Picha ikija na kupotea, ugonjwa uko hapo. Fungua waya wa hasi wa betri kabla ya kuunga. Tazama pia kamera ilipofungiwa waya wake wa hasi kwenye bodi. Pakiwa na kutu, sugua mpaka bati ling'ae.

Maswali
1. Kwa nini tunatazama taa za rivasi kabla ya kufungua kamera?
2. Fyuzi ya buluu imeungua. Utanunua ya namba gani?
3. Kwenye ghala la kijiji chenu, watoto hukaa wapi pikapu inaporudi nyuma?