Kutuma si Kufundisha

Kijana wa Kidichi akimaliza kidato cha nne huanza kufunga sanduku. Mmoja huenda kusoma mjini, mwingine huvuka kwenda Dar es Salaam, mwingine hufuata kazi ya hoteli Nungwi. Wazazi humtafutia godoro, ndoo na nauli. Somo letu lauliza: je, kichwani na mikononi mwake tumemfungia nini?

Kwanza tutazame karafuu. Mtoto wetu huijua kazi hiyo kwa kuwa ameishika tangu mwanzo hadi mwisho. Huchuma, huchambua makonyo, huanika, na wingu likitanda hukimbia kuzianua bila kungoja kuambiwa. Lakini fedha je? Mtoto huyo huyo hupewa fedha kamili na kuambiwa, "Lete sukari kilo moja." Huenda, hurudi. Miaka yote ametumwa, wala hajaamua hata siku moja. Amepewa nusu ya ujuzi.

Hapa karibu, pale Mtoni, alizaliwa Sayyida Salme mwaka 1844, binti wa Sayyid Said, yule aliyejenga hamamu ya Kidichi. Mabinti wa jumba lile walifunzwa kusoma, si kuandika. Salme alianza kujifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 aliondoka Unguja. Mwaka 1867 alibatizwa Aden kwa jina la Emily, akaolewa na Bwana Ruete, Mjerumani, wakaenda kukaa Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu, naye akabaki ugenini na watoto watatu wadogo. Alitafuta riziki kwa kufundisha Kiarabu, na mwaka 1886 kitabu cha kumbukumbu zake kilichapishwa. Ile nusu aliyonyimwa nyumbani ilimfaa sana ugenini.

Basi, tuwape watoto kazi nzima:

1. Fedha. Siku moja kila juma mpeni mtoto fedha za chakula cha siku nzima. Aamue mwenyewe: samaki au maharage? Zikimwishia mchana, msimwongeze. Jioni mtakula muhogo, naye atakumbuka.

2. Jiko. Mvulana naye apike, afue, ashone kifungo. Huko aendako hakuna dada wa kumfanyia.

3. Afya. Achemshe maji ya kunywa. Ajue kumchanganyia mwenye kuharisha: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vipimo vya kusawazisha. Aliyezidiwa apelekwe hospitali upesi.

4. Kukataa. Hatusemi mtoto asitumwe. Utii ni pambo la nyumba. Lakini mtoto aliyezoea kutumwa tu, akifika mjini hutumwa na yeyote, hata kwa mabaya. Tumruhusu kuuliza, "Kwa nini, baba?" na tumjibu.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ada ya shule hiyo ni kubwa.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

(a) Ni kazi gani mtoto wetu huifanya nzima, pasipo kusimamiwa?

(b) Ni uamuzi gani tutamwachia juma hili?

(c) Je, wavulana na wasichana wetu hufunzwa sawasawa?