Kipanda Uso, Maradhi Yasiyoonekana

Mwezi huu twajifunza habari za maradhi ambayo wengi wayajua, lakini wachache wakubali kwamba ni maradhi kweli. Jina lake kipanda uso. Mwenye taabu hii hana kidonda wala hachechemei. Kwa hiyo jamaa zake humwita mvivu. Neno hilo si la haki, nasi twataka kuonyesha sababu.

1. Dalili zake

Si kila maumivu ya kichwa ni kipanda uso. Hiki mara nyingi hushika upande mmoja, kikipiga kama mapigo ya moyo. Mgonjwa huona kichefuchefu au hutapika; mwanga humchoma macho, kelele humtesa, na akitembea maumivu huzidi. Wengine huona vimulimuli kabla ya kushikwa. Asipopata dawa, huumwa kwa muda wa saa 4 hata siku 3.

Mtu akiumwa kichwa siku 15 au zaidi kila mwezi, kupita miezi 3, na siku 8 au zaidi katika hizo zikiwa za kipanda uso, madaktari husema kimekuwa sugu. Basi huyo nusu ya maisha yake yamekatwa.

2. Wingi wake

Duniani wenye kipanda uso wapita milioni 1,000, na kwa wanawake vijana ni mojawapo ya sababu kubwa kabisa za kushindwa kufanya kazi. Tusidhani ni taabu ya Ulaya tu. Katika nchi ya Mbulu, watu wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom walihusika na uchunguzi wa nyumba kwa nyumba, wakauliza watu zaidi ya 7,400. Habari zilizotangazwa mwaka 2010 zaonyesha kwamba watu kama 4 katika kila 100 walikuwa na kipanda uso katika mwaka mmoja, na wanawake walizidi wanaume zaidi ya mara mbili. Basi katika usharika wa watu 300, yawezekana kumi au zaidi wanaumwa, nao hukaa kimya.

3. Makosa matatu

Kosa la kwanza ni kudhani kila kichwa ni malaria. Ni kweli, Geita ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi. Kwa hiyo damu na ipimwe. Lakini kama kipimo hakionyeshi malaria, haifai kumeza dawa yake tena na tena.

Kosa la pili ni kumtafuta jirani wa kulaumiwa. Huku Usukumani wazee wanawake wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Kipanda uso hakitumwi na mtu. Mara nyingi hurithiwa katika ukoo.

Kosa la tatu ni vidonge vya kila siku. Mchimbaji wa dhahabu hukesha, hushinda na njaa na kiu, na kelele za mashine zampigia masikioni. Mambo hayo huamsha kipanda uso. Naye hununua vidonge dukani apate kurudi kazini. Lakini atumiaye vidonge vya kutuliza maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, dawa yenyewe huweza kumzidishia maumivu.

4. Msaada

Mgonjwa na aandike siku za kuumwa na siku za kumeza dawa, ampelekee daktari. Ziko dawa za kuzuia, kama propranolo na amitriptilini, ila daktari ndiye wa kuzipima. Propranolo haimfai mwenye pumu. Alale na kula kwa saa zake, anywe maji ya kutosha. Achomaye dhahabu kwa zebaki amwambie daktari, maana mvuke wake hudhuru ubongo.

Lakini maumivu yakija ghafula kwa nguvu isiyo ya kawaida, au pamoja na homa na shingo ngumu, au kupooza upande, au baada ya kuanguka, au kwa mama mwenye mimba, apelekwe hospitali siku ile ile.

Maswali ya kujifunza

1. Kipanda uso sugu hujulikanaje?
2. Kwa nini vidonge vingi huongeza maumivu?
3. Ni nani karibu nasi tuliyemwita mvivu, kumbe ni mgonjwa?