KUAGIZA PICHA YA MBWA ILIYOCHORWA KWA MKONO

Zawadi nyingi hununuliwa dukani zikiwa tayari. Picha ya mbwa iliyochorwa kwa mkono si ya namna hiyo, maana mbwa anayetakiwa ni mmoja tu duniani, naye yuko nyumbani kwa mwenyewe. Katika somo hili nataka kueleza jinsi ya kuagiza picha kama hiyo. Jambo kubwa ninalotaka wenzangu walishike ni kwamba kufanana kwa picha hakutoki katika mkono wa mchoraji peke yake. Nusu yake hutoka katika kinywa cha yule anayeagiza.

Tuanze na mfano katika historia ya Uingereza. Palikuwa na mchoraji hodari aliyeitwa Edwin Landseer (1802–1873), yule yule aliyetengeneza simba wanne wa shaba waliowekwa katika uwanja wa Trafalgar, London, mwaka 1867. Mwaka 1836 mama yake Victoria alimwagiza amchore Dash, mbwa mdogo mwenye masikio marefu, iwe zawadi ya binti yake aliyetimiza miaka 17, yaani umri wangu mimi leo. Mwaka uliofuata Victoria akawa Malkia. Hata mwaka 1841 yeye mwenyewe akamwagiza Landseer picha nyingine, iwe zawadi ya Krismasi kwa mumewe, Albert. Mbwa aliyechorwa ni Eos, mbwa wa mbio, mwembamba, mweusi mwenye weupe kifuani na miguuni, aliyeletwa kutoka Ujerumani Albert alipokuja kuoa.

Katika picha hiyo Albert hayumo. Lakini kofia yake ndefu na glavu zake zimo, na Eos amesimama karibu nazo, ameinua kichwa kama anayemngoja bwana wake. Mchoraji hodari aweza kuchora mbwa wa mbio yeyote, lakini kwa vitu vile mtu huona mara moja kuwa huyu ni mbwa wa fulani. Eos alikufa mwaka 1844. Picha yake ingalipo hata leo.

Sasa tuje kwetu. Babu yangu ana mbwa aitwaye Simba, ambaye amelinda mbuzi zake miaka mingi. Tangu bibi afariki, wao wawili ndio wanaokaa pamoja jioni. Simba amezeeka, macho yake yameingia ukungu, na babu ameanza kutaja mahali atakapomzika. Kwa hiyo nilitoa akiba yangu nikamwagiza mwenzetu mmoja ajuaye kuchora amchore kwa kalamu ya risasi. Hatua nilizofuata ni hizi.

Kwanza, mpe mchoraji picha nzuri za kamera. Piga mchana, kivulini penye mwanga wa kutosha, bila taa ya kamera, maana taa hiyo hubadili rangi ya macho. Chuchumaa hata kamera iwe sawa na macho ya mbwa. Ukipiga umesimama, kichwa huwa kikubwa na miguu mifupi. Wala usimsogelee mno, kwa sababu pua itakuwa kubwa kuliko ilivyo. Piga ya mbele na ya kila upande.

Pili, andika maelezo. Mimi niliandika kwamba sikio la kushoto limepasuka, kwamba hulalia mguu wa kulia, na kwamba hupenda kulala karibu na kigoda cha babu.

Tatu, patana kabla kazi haijaanza: ukubwa wa karatasi, bei, arubuni, na siku ya kumaliza. Usiombe picha ya bure kwa kuwa mchoraji ni rafiki yako. Karatasi nene na kalamu laini ni za fedha, na manyoya huchorwa unywele kwa unywele, kwa kufuata upande yanakolalia.

Nne, omba kuona mistari ya kwanza kabla kivuli hakijatiwa. Hapa ndipo nilipopata faida. Mwenzetu alikuwa amechora masikio yote mawili mazima. Aliniambia, “Ndugu yangu, zawadi hupambwa.” Nikamjibu kwamba babu ndiye aliyelishona sikio lile kwa mkono wake, usiku ule Simba alipopigana na fisi, likiwa zima, mbwa huyu atakuwa wa mtu mwingine. Alinyamaza kidogo, akachukua raba. Kama kivuli kingalikuwa kimekwisha tiwa, kufuta kungaliharibu karatasi.

Tano, itunze. Kalamu ya risasi haipauki upesi, lakini hupakaa ikiguswa, na karatasi hugeuka manjano juani. Iwekwe katika fremu, kioo kisigusane na mchoro, na itundikwe mbali na dirisha na ukuta wenye unyevu.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini kupata taabu hii yote, na picha za kamera zipo? Kamera huchukua kila kitu kilicho mbele yake kwa dakika ile moja. Mchoraji huweza kuacha kamba na ndoo iliyokuwa nyuma, akaweka kigoda ambacho siku ile hakikuwapo. Lakini hawezi kukiweka kama hakuna aliyemwambia.

Basi, nawaachia zoezi. Fumba macho, umweleze mbwa wa kwenu kwa sentensi tano. Kisha msomee mtu wa nyumbani, bila kutaja jina. Akiuliza, “Mbwa gani huyo?” usitoe arubuni bado. Ngoja likizo, ukakae naye uani, umtazame tena.