JE, MATRIKI KWANZA AU MILINGANYO TOFAUTISHI?

Huenda baadhi yenu mkashangaa hisabati zinatafuta nini katika jarida la Chama cha Kiswahili. Msishangae. Kiswahili si cha ngano na mashairi pekee; hata hesabu nzito zaweza kusemwa nacho zikaeleweka.

Swali letu ni hili. Wengi wetu wanatamani kusomea uhandisi, fizikia au uchumi katika chuo kikuu. Huko watakutana na masomo mawili: aljebra ya mstari, ambayo ni somo la matriki na vekta, na milinganyo tofautishi, yaani milinganyo inayoeleza kasi ya badiliko la kitu. Je, mtu aanze na lipi? Anayekosea mpangilio huu aweza kujikuta katikati ya muhula akijifunza mambo mawili mapya kwa mpigo, na mtihani unabisha hodi.

Kwanza tuwape haki yao wanaosema kwamba mpangilio hauna maana. Newton alifariki mwaka wa 1727, naye Arthur Cayley wa Uingereza alichapisha makala yake mashuhuri kuhusu matriki mwaka wa 1858. Kwa hivyo milinganyo tofautishi ilifumbuliwa kwa zaidi ya karne moja kabla ya matriki kuwa somo. Tena mlinganyo mmoja pekee hauhitaji matriki. Chukua kaboni 14, ambayo nusu yake huoza kila baada ya miaka 5,730 hivi. Hapo kalkulasi inatosha kabisa.

Lakini mambo ya dunia hayaji moja moja. Hebu tuchukue matangi mawili ya maji, A na B, kila moja lita 100. Pampu moja inatoa lita 10 kwa dakika kutoka A hadi B, na nyingine inarudisha lita 10 kutoka B hadi A. Katika A mmeyeyushwa kilo 8 za chumvi. B ni maji matupu. Tuseme kila tangi linakorogwa vizuri. Je, chumvi itakuwaje?

Tuite chumvi iliyo katika A x, na iliyo katika B y. Kila dakika sehemu ya kumi ya maji ya kila tangi huhamia kwa mwenzake. Basi:

kasi ya badiliko la x = -0.1x + 0.1y
kasi ya badiliko la y = 0.1x - 0.1y

Unaona shida? Huwezi kuipata x bila y, wala y bila x. Zimefungana kama pingu. Ndipo matriki inapokuja kutuokoa. Mstari wake wa juu ni -0.1 na 0.1, wa chini ni 0.1 na -0.1. Sasa toa namba k kutoka kwa zile -0.1 mbili za mshazari, kisha utafute ditaminanti kama tunavyofundishwa darasani, na uifanye iwe sifuri:

(-0.1 - k)(-0.1 - k) - (0.1)(0.1) = 0

Ukifungua mabano unapata k(k + 0.2) = 0. Kwa hivyo k ni 0 au -0.2. Hizi huitwa thamani za aigeni, na kila moja ina habari yake. Ile 0 yatuambia kuna kitu kisichobadilika: jumla ya chumvi, kilo 8. Ile -0.2 yatuambia kuna kitu kinachofifia: tofauti kati ya x na y. Jibu basi ni:

x = 4 + 4e^(-0.2t)
y = 4 - 4e^(-0.2t)

Hapa t ni dakika, na e ni namba inayokaribia 2.718. Baada ya dakika 10, A ina kilo 4.54 hivi na B kilo 3.46. Mwishowe kila tangi litakaribia kilo 4.

Mwenzangu mjanja atasema, “Aa, hata mimi ningejumlisha na kutoa tu!” Kweli kabisa, kwa sababu matangi haya yanafanana. Sasa je, yakiwa matano, kila moja na ukubwa wake? Jicho litashindwa, lakini njia ya matriki ni ile ile.

Kuna jambo jingine la kupima. Aljebra ya mstari haihitaji kalkulasi ila kidogo sana. Mtu aweza kuianza akiwa na kuzidisha na kujumlisha tu. Milinganyo tofautishi, kwa upande wake, huhitaji kalkulasi, na mara milinganyo inapokuwa miwili au zaidi, huhitaji matriki pia. Anayeanza na aljebra hapotezi kitu. Anayeanza na ile nyingine huenda akakwama njiani.

Shauri langu, basi, ni hili. Ukipewa nafasi ya kuchagua, soma aljebra ya mstari kwanza. Ukilazimika kuyasoma yote kwa pamoja, usife moyo: Gilbert Strang, aliyekuwa mwalimu wa MIT kule Marekani, alichapisha mwaka wa 2014 kitabu kinachofundisha masomo yote mawili bega kwa bega. Na ratiba ikikulazimisha kuanza na milinganyo tofautishi, tumia likizo kujifunza mambo manne: kuzidisha matriki, ditaminanti, kufumbua milinganyo ya pamoja, na thamani za aigeni pamoja na vekta zake.

Nanyi mlio bado darasani, msizitupe daftari zenu za matriki baada ya mtihani mkidhani kazi yake imekwisha. Ile ditaminanti tunayoinung’unikia ndiyo iliyotufungulia matangi yetu leo. Haba na haba hujaza kibaba. Nawatakia masomo mema.